Masaa Tisa

Machi 3

Mdogo wangu,

Hujambo? Baridi ya huko inakutendaje? Huku sote wazima, isipokuwa mama. Miguu imemkatalia kabisa, sasa namgeuza kitandani kwa mikono yangu. Akili iko palepale, na ulimi ndio usiseme: jana kaniambia afadhali ninavyoshona kuliko ninavyopika. Anakuulizia asubuhi na jioni. "Kitinda mimba wangu anakuja lini?" Daktari kanivuta pembeni, kasema tusichelewe. Njoo, hata kwa wiki moja.

Dada yako

Machi 16

Dada mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imeniliza. Lakini dada, kutoka huku ni ndege tatu, siku mbili kuja na mbili kurudi. Kwenye wiki moja ya ruhusa nitabaki na nini? Na hapa nyumba ya wazee, wafanyakazi tuko wachache, nikiondoka nani atawaogesha? Mweleze mama, ataelewa. Mwambie nampenda sana.

Mdogo wako

Aprili 29

Mdogo wangu,

Pole, na mimi nipe pole. Mama tumemzika Jumanne. Nilipiga simu yako siku nzima, haikupatikana. Habari ya ndege tatu nilimweleza kila alipouliza, mpaka mwisho akawa ananieleza yeye: "Mwache mwanangu, siku mbili kwenye ndege atavimba miguu." Asubuhi ile aliondoka kimya kimya. Usijilaumu. Umbali si kosa lako.

Dada yako

Agosti 11

Mdogo wangu,

Hujambo. Leo hata salamu inanikwama.

Ijumaa kaja mteja dukani kwangu kupunguziwa sketi ya kazi, mhudumu wa ndege. Nimepiga magoti napima pindo, nikamtajia mji wako.

"Huko? Naenda kila wiki!"

"Pole na siku mbili za safari."

Akacheka. "Siku mbili za nini, fundi? Ndege moja, masaa tisa. Asubuhi nakunywa chai huku, jioni nakula kule. Mwaka wa sita huu."

Pini zikaniponyoka, zikatawanyika sakafuni, akainama kunisaidia kuziokota.

Ungenidanganya mimi peke yangu, ningemeza. Lakini uongo ulinipa mimi nimpelekee mama. Nami nikampelekea, sijui mara ngapi, nimemshika mkono. Kwa nini?

Dada yako

Agosti 30

Dada,

Shikamoo. Sina pa kujificha. Ruhusa nilipewa, tena wiki mbili. Nilizimalizia chumbani, pazia chini, simu nimezima. Wazee nawaogesha kila siku, naujua mwisho ule unavyokuja. Sikuweza kumwona mama hivyo. Nilitaka nibaki namkumbuka akitembea. Nisamehe, dada yangu. Nimeshakata tiketi, natua Jumamosi ya tarehe 19 Septemba. Nipeleke kaburini, tulie pamoja.

Mdogo wako

Septemba 8

Mdogo wangu,

Barua nimeipata.

Hata mimi sikutaka kumwona hivyo.

Ukifika, ufunguo uko kwa jirani. Yeye ndiye atakayekupeleka kaburini, nimeshamwomba. Kitanda nimekutandikia, shuka safi. Mimi nitalala dukani mpaka uondoke. Usinifuate huko.

Dada yako