Imondo ya Baba

Sylvia uko? Usipige simu. Niko jikoni, wageni bado wako sebuleni.

Si leo watu wa Wanzala wamekuja kwetu kujitambulisha. Mama akapika ingokho, kuku wa kienyeji. Baba akapewa imondo, ile firigisi ya mwenye boma, akakataa, ati atampa mjomba wa Wanzala kwa mkono wake mwenyewe. Heshima. Si unamjua Baba.

Mkono ukaanza kutetemeka vile hutetemekanga tangu augue Parkinson. Imondo ikaangukia suti ya mjomba.

Mjomba akasema, "Mzee leo ameanza chang'aa mapema!"

CHANG'AA, Sylvia! Baba hajawahi kuonja pombe, hata busaa!

Wakacheka wote. Nikamwangalia Wanzala, nikingoja aseme kitu.

Alikuwa anacheka.

Wanzala! Ni yeye hupelekanga Baba kliniki na pikipiki yake! Anajua jina la kila tembe!

Ati chang'aa.

Sasa ameniandikia kutoka hapo tu sebuleni: "Beb leta soda, wanataka tupange tarehe ya harusi."

Sipeleki.

Ngoja, Baba ameingia hapa. Ameficha mkono kwa mfuko wa koti. Ananiuliza kama wageni wameshiba.