Nilimtegea Kaka Mashine ya Plagi

Jumamosi, Kemondo. Saa kumi na moja jioni. Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikaacha kwenye saa tatu, likatoka jua la kuchoma shingo, na sasa mawingu yamerudi tena juu ya ziwa. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa hiyo makosa ya herufi mtanivumilia.

Leo asubuhi nilimtegea kaka yangu umeme.

Asije mtu akasema ni bahati mbaya. Nilikaa kwenye stuli yangu, nikashika bisibisi, nikafunga waya mmoja baada ya mwingine huku nikiimba wimbo wa kanisani. Nilitaka aumie. Nilitaka aruke, apige yowe, majirani wamsikie.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi umeme wa magari, mwanamke, arobaini nimeshaipita, mume sina na sijamtafuta. Karakana yangu ni sebule yangu. Makochi niliyatoa zamani, nikaweka meza ya chuma, na juu ya meza hiyo imekaa mashine aliyoiacha Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu. Ni sanduku la chuma la kijani, zito la kubebwa na wanaume wawili. Upande mmoja unachomeka plagi, unaitazama cheche kupitia kidirisha cha kioo. Upande wa pili unafunga distribyuta, mota inaizungusha, na taa ndogo inamulika kukuonyesha kama moto unatoka kwa wakati wake. Tata aliipata ilipofungwa karakana ya malori ya kahawa alikokuwa akifanya kazi. Magari ya siku hizi mengi hayana hata hiyo distribyuta, lakini pikapu za zamani za Muleba bado zinatembea, na wenye nazo wananijua.

Mashine ilikuwa imekufa. Nimekaa nayo miezi mitano. Kondensa zilikuwa zimevimba, nikabadilisha. Waya za zamani zilizofunikwa kitambaa zilikuwa zikimomonyoka mkononi, nikazivuta zote, nikaweka mpya. Ndani ya mota panya alikuwa amezaa watoto. Kitu kimoja tu sikukigusa, transfoma, maana mpya ya aina ile huipati popote, na ile kuukuu ilikuwa bado inanguruma vizuri. Jumatano ya wiki iliyopita nikachomeka plagi, nikawasha. Cheche ya bluu ikaruka. Nililia, sioni aibu kusema. Nikatamani Tata angekuwepo aione.

Sasa huyu kaka.

Novati ndiye omusika, yaani mrithi. Tulipomaliza matanga kule Ijumbi mwaka jana, wazee wa ukoo walimkalisha kwenye kiti cha Tata, wakampa mkuki wake, na sisi wote tukaambiwa kuanzia siku ile yeye ndiye baba. Kwa mila yetu, cha Tata ni chake. Kibanja, shamba letu la nyumbani, achukue, sina neno. Migomba achukue, kahawa achukue. Lakini mashine! Novati hajui hata plagi inakaa wapi kwenye injini. Nilikuwa na miaka tisa nikimshikia Tata tochi, Novati kaziba pua kwa sababu ya harufu ya petroli. Mama ndiye aliyeniruhusu niibebe nije nayo huku. Novati akasema Mama hana mamlaka hayo.

Jumapili iliyopita alikuja na wanaume wawili wa chuma chakavu. Nikasimama mlangoni, nikamwambia mashine haitoki, ng'o. Akanizaba kibao. Mbele ya wale watu, mimi mtu mzima. Wakacheka. Sikumbuki niliifikiaje meza, nakumbuka spana ya kumi na saba ikitoka mkononi mwangu. Ikamchana sikio. Damu ikatiririka kwenye shati jeupe la Misa, na nakiri nilipoiona damu ile roho yangu ikatulia kidogo.

Akaondoka akipiga kelele, “Jumamosi narudi na nyundo! Naivunja hapo hapo ukiona, nabeba shaba yangu!”

Nikachemka wiki nzima. Nilikuwa nakata waya za wateja fupi kupita kiasi, nikavunja boliti mbili za watu. Hasira hasara, Tata alikuwa ananiambia hivyo kila nilipovunja kitu. Sikuwa na nafasi ya methali.

Jana Mama akapiga simu kutoka Ijumbi. Nilidhani ataniambia nimfungie mlango. Akaniambia kinyume chake. “Mwanangu, mtandikie nyasi. Huyo si Novati wa zamani. Ni isho huyo, ni baba yako. Akiona umemheshimu atalainika.”

Wenzangu wa mbali hamtajua. Kwetu mgeni wa heshima unamkatia nyasi mbichi, unazitandaza sakafuni, nyumba nzima inanukia. Na hakuna Mhaya aliyelelewa atakayezikanyaga na viatu. Nilijua hivyo tangu nina meno ya utoto. Likumbukeni hilo, maana leo asubuhi sikukumbuka.

Nilikata nyasi saa moja, mvua ikininyeshea mgongoni. Nikazitandaza zikichuruzika maji mpaka chini ya meza. Nilifanya kwa kejeli tu: karibu baba, karibu mheshimiwa, pita. Nilipomaliza nyasi nikageukia mashine.

Nilichukua waya mnene wa koili, ule unaopeleka moto kwenye plagi, nikaubana kwenye bodi, yaani gamba la chuma la sanduku. Kisha nikakata waya wa eathi, ule unaoteremsha umeme ardhini, ili moto ubaki kwenye bodi ukimsubiri. Kila fundi wa magari ameshapigwa na koili. Unaruka, unatukana, mkono unakufa ganzi dakika tano, unaendelea na kazi. Hicho ndicho nilichomwandalia. Na nilimpigia hesabu akiwa na mabuti yake ya mpira, yale asiyoyavua mvua ikinyesha. Nikawasha, nikasogea pembeni, nikasubiri.

Alifika saa nne, peke yake, jua linawaka. Nyundo ya kuvunjia mawe begani, plasta sikioni. Akasimama kizingitini na uso wake wa vita. Halafu akatazama chini.

“Waitu,” akasema, neno letu la heshima, na sauti haikuwa ya Jumapili ile, “umenitandikia?”

Akaitua nyundo nje. Akainama, akavua buti moja, akavua la pili, akazivuta na soksi, akayaweka pamoja ukutani kama tulivyofundishwa. Akaingia pekupeku, miguu yake mipana ya baba yetu ikizama kwenye maji ya nyasi. Akaisogelea mashine. Wala hakuwa na sura ya kuvunja kitu. “Tata alikuwa anaifuta vumbi kila Jumapili,” akasema, akanyoosha mkono kuishika.

Sikufungua mdomo.

Umeme ukamshika. Wala hakuruka. Mkono ulijikunja ukang'ang'ania pembe ya sanduku, meno yakagongana, shingo ikakaza mpaka mishipa ikasimama, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Ngozi ikaanza kunuka. Swichi iko ukutani, hatua moja kutoka nilipokuwa. Nikaizima. Akaanguka chali, kisogo kikagonga mguu wa meza, damu ikasambaa kwenye nyasi.

Nikamwita. Hakuitika. Nikaweka shavu puani kwake, hakuna pumzi.

Basi nikampiga. Zamani nilifundishwa namna ya kumbonyeza kifua mtu aliyepigwa umeme, lakini leo sikubonyeza, nilimpiga. Mikono miwili katikati ya kifua, uzito wangu wote, na mimi si mwembamba. Nikasikia ubavu ukilia ka! Nikaendelea. Nilimtukana kwa Kihaya matusi ambayo Mama akiyasikia atanikana. Inuka mbwa wewe! Inuka! Nilimpulizia mdomoni, nikarudi kifuani, nikapiga tena, jasho langu linamdondokea usoni. Ma Adela, jirani yangu muuza dagaa, aliingia akadhani namuua, akanishika nywele kunivuta. Nikamsukuma akaangukia ndoo. Nikapiga tena. Yesu Maria, nilipiga mpaka vidole vikakosa nguvu.

Ndipo akakohoa.

Tulimbeba kwa pikapu ya mkwe wa Ma Adela mpaka Bukoba. Nilikaa nyuma nimempakata kichwa. Kila shimo la barabara akilia kwa maumivu ya ubavu, na mimi nikishukuru kwamba analia.

Hospitalini daktari aliniuliza nani alimbonyeza kifua. Nikasema mimi. Akasema bila hivyo tungeleta maiti. Akauliza ilikuwaje, nikasema alishika mashine. “Mashine za zamani hizi,” akasema, akaandika, akaenda zake. Hapo ndipo uongo wangu ulipoanza, na sikuhitaji hata kuutamka. Watu wameujenga wenyewe.

Mama alifika saa nane. Alinishika mikono yote miwili, akaibusu, mikono hii hii. Akawaambia wagonjwa wa wodi nzima kwamba binti yake amemfufua mrithi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nilitaka sakafu inimeze.

Novati mkono umefungwa mpaka kiwiko. Daktari anasema vidole viwili huenda visirudi sawa. Anaongea polepole kwa sababu ya ubavu. Akaniita nisogee. “Mashine ni yako,” akasema. “Nilikuja nimejaa hasira, nikaona nyasi, nikajiona mjinga. Nitawaambia wazee mimi mwenyewe.” Akanishika mkono kwa ule mzima. Na ameshawaambia: kesho baada ya Misa wazee wa ukoo watakuja hapa kwangu na mbuzi na lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kunishukuru kwa kuokoa maisha ya mrithi.

Nimerudi nyumbani saa kumi. Nyasi bado zipo, zimeanza kunyauka, na pale penye damu nzi wamejaa. Nimevaa mabuti, nimechukua kipimo, nimepima. Kumbe moto wa koili ulipokosa njia ya kwenda ardhini ulitoboa ngozi inayozuia umeme ndani ya ile transfoma kuukuu, na umeme wa ukutani ukafuata humo humo. Bodi nzima ilikuwa na umeme wa kuua. Eathi ingekuwepo, fyuzi ingekatika, na Novati asingesikia hata mtekenyo. Angekuwa na mabuti, labda angerushwa tu. Eathi nilikata mimi, na mabuti niliyavua mimi, kwa heshima yangu ya uongo.

Nimekaa hapa nikitafuta pa kujificha. Ninaweza kusema sikujua kuhusu transfoma, na ni kweli. Ninaweza kusema nilisahau habari ya viatu, na ni kweli pia. Ninaweza kupokea mbuzi kesho, nikanywa lubisi, nikachekewa na wazee, na mashine ikabaki mezani mwangu mpaka nife. Hakuna anayejua. Ma Adela mwenyewe ameshaniomba radhi kwa nywele.

Nimeandika hapo juu kwamba swichi ilikuwa hatua moja na nikaizima. Ni kweli, ila nimeruka kitu.

Nilisimama kwanza.

Nilimwona ameshikwa. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo umepinda, macho yanaomba. Nilijua kabisa hiyo si koili, nimefanya kazi hii miaka ishirini, koili haimshiki mtu hivyo. Na moyoni nikasema: mwache kidogo. Nikakumbuka kibao, nikakumbuka wale wawili wakicheka. Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ya nne ndipo nilipoinua mguu kwenda kwenye swichi.

Zile waya naweza kuziita hasira. Kuhesabu kule sina jina lake, na nimelitafuta tangu niliporudi.

Novati husoma blogu hii. Hawezi kukubali mbele za watu, lakini mkewe alishaniambia kwamba kila nikiandika anasoma wa kwanza, anacheka peke yake. Simu iko kando ya kitanda chake, na mkono wa kushoto ni mzima.

Kaka, ukifika hapa, msomee Mama, usimwachie asikie kwa watu. Ulinitazama nikuokoe, na mimi nikahesabu mpaka nne. Mbuzi asifungwe kamba kabla hujaamua. Kesho baada ya Misa nitakuwa nimekaa mlangoni, na atakayekuja, awe ni wazee au polisi, nitamfungulia.