Sindano ya Almasi na Vitunguu Vyangu

Kaka Wafula,

Mtoto amelala, nguo nimeziloweka, angalau mchana huu nikuandikie. Ni kijana. Nimempa jina lako, na bado nikimwita nageuka kutazama mlangoni.

Wacha nianze na ile sindano, maana najua ndiyo ungeuliza kwanza.

Siku ya kugawa nguo zako, baada ya matanga, ndugu walijaa uani kule nyumbani. Wote walikuwa wamesikia ulifanya kazi na almasi huko chuo kikuu. Baba mdogo Simiyu akasukuma koti kando. "Mtu wa almasi hawezi kuacha blanketi na viatu peke yake. Nekesa, toa!"

Nikatoa kile kikopo cha filamu ya kamera ulichonipa ulipolazwa. Wakachungulia. Sindano yenyewe ni waya mwembamba kuliko ukope, nchani umepakwa almasi ambayo jicho halioni. Shangazi akasema, "Hii hata kuku hawezi kudonoa!" Kaka, nilicheka. Halafu nikalia.

Lakini baba mdogo akasema ataipeleka kwa sonara hivyo hivyo. Nikakumbuka ulivyoniambia: iko moja tu, ikipinda kazi yote imekufa. Nikafunga kikopo. "Baba mdogo, nakuheshimu. Chukua koti, chukua na redio. Hili ni jembe lake, na shamba halijaisha kulimwa." Amenuna mpaka leo. Na anune.

Nilirudi nayo mtaani kwangu Jericho nimeificha kifuani, nikampelekea Njeri, mwenzako wa maabara. Nikambebea na kitunguu. Unakumbuka ulivyokuwa ukiingia jikoni kwangu kubambua vitunguu? "Wewe, hicho ni cha mboga!" Nawe, bila aibu: "Seli ya kitunguu ina ngozi, Nekesa. Sauti isiyosikika ikiitikisa, inafunguka kidogo, ndiyo dawa ipate kuingia. Ikijifunga yenyewe, iko hai. Isipojifunga, tumeiua." Na sindano ndiyo ya kukuambia ni lipi.

Basi Njeri akaitega sindano kwenye seli ya kitunguu. Sauti ikapita, mimi sikusikia kitu, mtoto mgongoni hata hakushtuka. Mshale wa mashine ukaanguka: seli imefunguka. Nikashika meza. Tukangoja, kaka, tukangoja... ukaanza kupanda, polepole, mpaka ukarudi mahali pake.

"Imejifunga," Njeri akasema, akavua miwani akaifuta, akaifuta tena.

Mimi bado. Mimi sijajifunga, kaka. Jumapili bado napakua sahani yako, halafu nasimama nayo mkononi kama mjinga.

Pumzika, mwana wa mama. Kila nikitoka sokoni nitamtengea Njeri kitunguu kimoja, kile kikubwa, na sitagomba. Na huyu Wafula mdogo akiuliza jina lake lilitoka wapi, nitamketisha jikoni, nibambue kitunguu mbele yake, nimweleze yote. Nikilia, nitasingizia kitunguu.

Mdogo wako,
Nekesa