Utamu wa Hewa ya Mbata

Rahma mjukuu wangu,

Marahaba. Kikwajuni hatujambo, bibi yako bado anagombana na paka wa jirani.

Umeuliza kwa nini huko kazini kwenu hashuki mtu tumboni mwa meli bila mwenzake mlangoni wa kumwita-wita. Ujanani nilikuwa nikipakua mbata, zile nazi kavu, bandarini. Mbata zikifungiwa hula hewa kimya kimya, aliye ndani akazimia bila kujijua. Siku moja nilishuka tumboni mwa meli, mwenzangu Shaabani akakaa juu, ameshika kamba niliyojifunga kiunoni, akiniita, nami nikiitika "naam". Mara nikajiona niko kijijini Bwejuu, nimelala mapajani pa mama, upepo unanipuliza. Shaabani akaita. Nilimsikia vizuri, ila kuitika kungeniharibia utamu ule.

Akanivuta. Nilipozinduka nikamfokea kwa kunikatiza usingizi. Yeye alikuwa analia.

Ukiitwa, itika, hata kama umenogewa.

Babu yako