Salamu Iliyofutika kwenye Santuri

Gongoni,
S.L.P. 47,
Tabora.
16 Septemba, 1956

Mpendwa Mjomba Mayala,

Shikamoo. Natumaini joto la Mombasa halijakuzidi, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimekwisha pona. Sisi hapa tu wazima wa mwili. Mama ana mafua ya vumbi tu. Bibi bado anakwenda misa kwa miguu yake na kurudi.

Najua barua ya Bibi imekwisha kukufikia, ile iliyokukataza kuja Krismasi na mchumba wako Flavia mpaka ujifunze adabu. Bila shaka uliujua mwandiko. Bibi alisema, mimi nikaandika, nikabandika stempu na kuipeleka posta. Tangu siku hiyo naharibu kazi ofisini, maana kosa ulilolaumiwa ni langu.

Uliponipa kazi ya kuchagua mashine ya santuri ya chumba chetu cha kusikilizia, ulisema unaniamini kwa kuwa nimesoma. Dukani kwa Twalibu, fundi wa redio wa Isevya, kulikuwa na mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya betri, rangi imebabuka, mkono wa sindano mwepesi kama unyoya. Ya pili ilikuwa gramafoni kubwa ya kuzungusha hendeli, mbao zinang'aa, sauti inafika hadi njia ya Ujiji. Twalibu aliipokea ile sahani ya santuri uliyotutumia yenye sauti yako, akaitazama kwenye mwanga. Akasema sahani kama hii, ya mtu kwenda dukani kutia sauti yake, ni laini kuliko zile za nyimbo. Sindano ya chuma yenye mkono mzito itaila. Wateja walikuwa wanasikiliza, nikaona haya kufundishwa mbele yao. Nikamjibu kwamba mambo hayo nimeyasoma kwa Kiingereza. Akacheka. “Haya, bwana karani. Ila sijui unanunua masikio au kabati.”

Nilinunua kabati.

Siku ya kwanza Bibi alivaa kanga mpya. Ulisema, “Shikamoo Mama,” kisha ukanyamaza kidogo ili aitikie. Aliitikia, Mjomba, machozi yakimtoka, nawe ukaendelea kama mtu aliyemsikia. Basi hakutaka kingine. Kila jirani aliyeingia, Bibi alisema, “Modest, rudisha pale, mwanangu aniamkie.” Habari zako za bandarini hazikumshughulisha. Zamda wa nyumba ya pili alikuwa akimtania, “Mwenzetu unaamkiwa mara kumi kwa siku kama mke wa liwali.”

Kwa hiyo sindano ilichimba pale pale. Mwishoni mwa Agosti salamu ikawa mkwaruzo tu, kama mchanga ndani ya sufuria, halafu sauti yako ikatokea safi: “Mimi huku sijambo, kazi ni nyingi.” Bibi akangoja. Akaniambia nirudishe, nikarudisha. Unajua yeye haioni sahani ile kama kitu. Kwake ni wewe mwenyewe uliyekaa mle chumbani. Akaniuliza kwa nini siku hizi unaingia na habari zako bila kumwamkia.

Nilijua sababu papo hapo. Niliogopa kwamba watu wote wa Gongoni watasema msomi ameharibu sauti ya mjomba wake kwa kiburi. Nikamjibu, “Sijui, Bibi.”

Nilimwacha aamini kwamba umeacha kumwamkia. Aliacha kuingia chumba kile. Nilimsikia akimwambia Zamda kwamba baba yake yeye Bibi, mpagazi wa misafara, aliporudi kutoka pwani aliwaamkia wakubwa kabla hajatua mzigo begani, lakini mwanawe ameonja bandari kidogo tu amesahau alikotoka. Kisha akaniita nije na kalamu. Naona aibu kukuambia kwamba barua ile niliisoma mara mbili kuhakikisha haina makosa ya tahajia.

Leo baada ya misa nimemweleza yote mbele ya Mama. Nimempa sahani aipapase, kidole chake kikapita pale palipolika. Hakupaza sauti. “Kumbe mtoto aliniamkia,” alisema. “Na wewe ulikuwa hapa, unasikia ninavyomsema.” Nilipiga magoti. Akaniambia ninyanyuke, nitachafua suruali ya ofisini. Afadhali angenichapa.

Jumamosi anakwenda mwenyewe kwa Twalibu kuisikiliza ile mashine ndogo, na amenikataza kufungua mdomo dukani. Nakuomba usitume sahani nyingine mpaka atakapokuwa ameichagua mashine yeye mwenyewe.

Sikuombi unisamehe upesi, Mjomba. Naomba tu usiivunje safari yako kwa maneno yaliyotokana na uoga wangu. Mweleze Flavia kwamba mwenye kukosa adabu ni mpwa wako.

Mama anakusalimu sana. Zamda naye anakusalimu, pamoja na Twalibu, ambaye nilipokwenda kumweleza hakunicheka.

Salamu za Bibi hazimo humu. Nilimwomba, akasema hatayapitisha tena maneno yake kwenye kalamu yangu. Kesho atamwita Mwalimu Anton amwandikie. Ukiipata barua hiyo, iamini.

Mungu akulinde huko pamoja na Flavia, na awafikishe nyumbani salama.

Mpwa wako akupendaye, mwenye aibu mbele yako,
Modest Lugembe