Homa ya kitanda cha dirishani

Kadutu, siku ya ine, Novemba 1957

Donati tena. Nimechoka naye, na leo nilisema lazima tuzungumuze.

Mama mumoja wa kijiji cha Nyantende alikufa juma iliyopita katika kitanda cha dirishani. Homa yake ilikataa kushuka. Tangu siku ile Donati, muuguzi mwenzangu ninayemuongoza hapa dispensari, hataki tulaze mugonjwa mwingine pale. Kila asubui anatia termometre chini ya blanketi, na hakuna mutu ndani. Wagonjwa wameanza kunongona. Daktari muzungu akisikia, tutafukuzwa sisi wote wawili.

Muchana nikamuita karibu na kitanda. "Donati, tulisoma pamoja. Unapima nani?"

"Mwenye kitanda hajaenda, shefu."

Hasira ikanipanda. Nikachukua termometre, nikaikung'uta mimi mwenyewe mpaka zebaki ikashuka chini kabisa, nikaitia chini ya blanketi. Nilitaka aone kwa macho yake, asikie aibu. Tukangoja dakika tatu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na baridi ya mule ndani ilikuwa inauma vidole.

Nikaitoa. Digrii arobaini.

Nikaigeuza upesi, Donati asione. Nikaikung'uta tena.

Yeye hakuuliza imefika wapi. Aliuliza tu, pole pole, kama tunavyoulizana kila siku: "Shefu, tumupe dawa ya kinini?"

Nikamuambia amupe.