Bado Ina Moto

Jumapili, saa tisa alasiri. Tabora joto, mawingu yamejaa na mvua haitaki kunyesha. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kulia tu.

Naogopa. Nianzie hapo.

Wiki nzima nimekuwa nikilinganisha amplifaya mbili ndogo za gitaa, za valvu, yaani zile zenye taa za kioo ndani kama redio za zamani. Ni za mtumba, zimetoka Dar kwa treni, na muuzaji amenipa hadi kesho nichague moja. Napiga metal, ile roki nzito ya magitaa makali. Ndiyo, mwalimu wa kike wa hisabati, hapa hapa Tabora. Mama anasema ni kelele za watu wenye hasira, naye hajakosea sana.

Ya kijivu ina sauti nene, lakini ukiongeza ukali inavimba na noti zinameza noti. Nyeusi ni ndogo kama mkate wa dukani, ila nikibana nyuzi kwa kiganja kila pigo linakatika safi, na nikiachia inanguruma hadi kifuani. Niliipenda tangu dakika ya kwanza. Tatizo lake ni mluzi unaotoka hata nisipopiga. Jana nikazibeba zote mbili kwa Fundi Masudi, mzee wa mjini anayetengeneza redio tangu sijazaliwa.

Alinisikiliza nikipiga moja baada ya nyingine, akaichomoa nyeusi kwenye umeme, akafungua kifuniko. Kisha akasema, "Hii nyeusi bado ina moto, mwanangu."

Nikafurahi kijinga. Siku zote ananiambia muziki wangu ni mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Nikadhani hatimaye amenielewa.

"Tena moto wenyewe, fundi!" nikamjibu, nikaingiza mkono wa kushoto kumwonyesha waya niliodhani umelegea.

Yeye alimaanisha umeme. Amplifaya za valvu hubaki na umeme ndani hata zikichomolewa, na ni umeme wa kuua. Alikuwa amegeuka tu kuchukua kifaa cha kuumaliza.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka niko sakafuni, fundi ananiita jina langu huku machozi yanamtoka. Alinisihi niende hospitali, nikamdanganya kwamba nitapitia. Mama nikamwambia nimechoka.

Sikwenda kwa sababu daktari angeniambia ukweli kuhusu mkono wa kushoto.

Tangu jana nilikuwa sijaligusa gitaa. Nililiogopa, na lenyewe halikuwa na waya hata mmoja. Sasa hivi nimelichukua, bila amplifaya, nikakandamiza uzi kwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, nikapiga.

Noti imetoka safi.

Nimeisikia kwa masikio. Kidole hakijasikia kitu. Nimekandamiza tena mpaka uzi ukaacha mfereji kwenye ngozi, bado hakuna. Na mimi bila kidole hiki sijui nitapiga nini.

Mambo ya kijivu au nyeusi yatajijua yenyewe hiyo kesho. Mama yuko uani anachambua mchele. Naweka simu chini, naenda kumwambia aushike mkono huu, twende hospitali leo leo.